Msiwapige danadana wahitaji: barua ya wazi kwa wenye dhamana serikalini na makanisani

Waheshimiwa mnaosimamia ustawi wa jamii na hazina ya umma; Baba Maaskofu, mapadre, wachungaji, wazee wa kanisa na mashemasi wenzetu,

Tumewaandikia nyote barua moja kwa makusudi. Upande mmoja ukiandikiwa peke yake, jibu huwa lile lile: hilo linawahusu wenzetu wa upande wa pili. Serikali husema makanisa ndiyo yaliyo karibu na watu. Makanisa husema serikali ndiyo inayokusanya kodi. Yote mawili ni kweli, na katikati ya kweli hizo mbili mjane anakwenda na kurudi na bahasha mkononi.

Bahasha hiyo tunaijua vizuri, maana sisi ndio tunaoiandika na sisi ndio tunaoipokea. Baadhi yetu ni mashemasi na watunza hazina wa mifuko ya diakonia, yaani huduma ya kanisa kwa wahitaji, wengine ni maofisa ustawi wa jamii. Ndani yake mna barua ya utambulisho ya mistari minne, inayosema kwamba mama huyu ni mhitaji, tafadhali asaidiwe. Asaidiwe nini, kwa kiasi gani, kufikia lini, na ameshapewa nini: hayo hayamo. Ofisa anaisoma, anaomba cheti cha kifo cha marehemu mume. Cheti hakipo kwa sababu kifo hakikuandikishwa. Mama anarudi usharikani, anaambiwa mfuko wa mwezi huu umekwisha, ajaribu mwezi ujao. Hakuna aliyemfukuza, na hakuna daftari popote linaloonyesha kwamba alifika.

Tunachoomba kinasemeka kwa maneno machache. Serikali ibebe kile kinachotakiwa kuwa kikubwa, cha kudumu na cha haki. Kanisa libebe kile kinachotakiwa kuwa cha karibu, cha haraka na cha mtu kwa mtu. Kati yao iwepo hati moja ya rufaa, yaani karatasi ya kumpeleka mhitaji kutoka upande mmoja hadi wa pili, yenye tarehe ya kujibiwa, ili anayetoka mlango mmoja ijulikane kama ameingia wa pili.

Tuanze na hesabu, kwa sababu mjadala huu huharibika kwa kukosa hesabu. Chukueni usharika wenye kaya 200 zinazotoa, zenye vipato vinavyolingana, na kila kaya itenge kwa ajili ya wahitaji sehemu moja ya mia ya kipato chake, mbali na sadaka nyingine. Mkijumlisha, mfuko unapata kila mwezi kipato cha kaya 2. Kaya yenye uhitaji ikipewa nusu ya kipato cha kawaida, mfuko unatosha kaya 4. Usharika umejitahidi, kila mmoja ametoa, na umefikia kaya 4. Sasa mvua zikikosekana au kazi zikifungwa, kaya 50 kati ya zile 200 zikapoteza kipato, mfuko unapungua robo, unatosha kaya 3. Orodha ya wahitaji nayo imepanda kutoka 4 hadi 54.

Wakristo hao hawakuwa wabahili. Mtoaji na mpokeaji wanakaa chini ya wingu moja, na janga linapowapata linawapata pamoja. Ni hazina ya nchi nzima tu inayoweza kuchukua kwa walio mbali na janga na kuwafikishia walio ndani yake, tena mwezi baada ya mwezi, bila kusubiri Jumapili iwe nzuri. Hata kanisa la kale lililotoa kwa wingi lilikuwa na mipaka hiyo. Mwaka 251 Askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake lilikuwa likitunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Ni kazi kubwa mno kwa kanisa lililokuwa likiteswa, na bado ilikuwa sehemu ndogo tu ya maskini wa mji ule.

Uingereza ilijaribu njia ya kuuacha mzigo kwenye kila parokia. Sheria ya mwaka 1601 iliilazimisha kila parokia kutoza kodi ya maskini na kuwatunza maskini wake. Ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa sadaka ya hiari iligeuzwa wajibu. Kasoro ilikuwa kwenye mpaka wa parokia: palipokuwa na maskini wengi ndipo palipokuwa na wa kutozwa wachache. Sheria ya mwaka 1662 ikaja kuruhusu parokia kumrudisha mgeni alikotoka ndani ya siku 40 endapo ingeonekana atakuwa mzigo, na kuanzia hapo parokia zikawa zinashtakiana mahakamani kuhusu maskini ni wa nani. Tunaikumbusha sheria hiyo kwa sababu kila mfumo unaoiachia halmashauri maskini iwalishe maskini wake kwa mapato yake yenyewe unarudi pale pale. Fedha za msingi zikusanywe na kugawanywa kitaifa. Utambuzi wa watu ufanyike mtaani.

Kiwango cha chini cha wajibu wa serikali hakihitaji kubuniwa upya. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mwaka 2012 Pendekezo namba 202, linalotaja ngao nne: matibabu ya lazima pamoja na uzazi, kipato cha msingi kwa watoto, kipato cha msingi kwa wenye umri wa kufanya kazi wasioweza kupata cha kutosha, na kipato cha msingi kwa wazee. Waheshimiwa, mkitaka kujua mmefika wapi, chukueni ngao hizo nne na mbele ya kila moja andikeni mambo matatu: sheria gani inaitoa, fungu gani la bajeti linailipa, na mtu aliyenyimwa akalalamike wapi. Pale penye ahadi ya mdomoni bila sheria wala fungu, hapo ndipo makanisa yanapobebeshwa mzigo usio wao.

Kwa wenzetu wa makanisani wanaoogopa kwamba serikali ikitunza maskini basi upendo umeporwa, tunaomba warudi kwenye Torati. Mambo ya Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24 zinamkataza mwenye shamba kuvuna pembe zake au kurudia masazo. Ni ya maskini, mgeni, yatima na mjane. Hayo yaliandikwa kama sheria. Ruthu alipookota masazo katika shamba la Boazi alikuwa akitumia haki yake. Wema wa Boazi ulianzia juu ya sheria hiyo, alipowaambia vijana wake waachie masuke kwa makusudi na wasimkemee. Sheria ilimpa Ruthu mlango, upendo ukamwongezea. Tunataka hivyo vyote viwili, na kwa mpangilio huo.

Sasa tuseme kile ambacho serikali haitaweza hata ikiwa tajiri. Ofisi hufungwa jioni. Nyumba ikiungua usiku wa Ijumaa, ofisa atafika Jumatatu, na fungu la dharura litasainiwa wiki inayofuata. Jirani wa jumuiya ndogo ndogo anafika kabla moshi haujaisha. Ofisi humtambua mtu kwa nyaraka; shemasi anamtambua kwa sababu amemzika mama yake. Mzee anayeishi peke yake anahitaji pensheni, ndiyo, lakini pia anahitaji mtu atakayegundua siku ya tatu kwamba mlango haujafunguliwa. Hakuna bajeti inayonunua hilo.

Kaisari Julian aliliona hilo bila kupenda. Mwaka 362, alipokuwa akijaribu kuirudisha dola ya Kirumi kwenye miungu ya kale, alimwandikia kuhani wake mkuu wa Galatia akilalamika kwamba Wakristo wanawalisha maskini wao na wa wapagani pia. Akaagiza zijengwe nyumba za wageni, akatenga kwa mwaka vipimo 30,000 vya ngano, akielekeza sehemu moja ya tano iende kwa maskini wanaowahudumia makuhani na zilizobaki kwa wageni na ombaomba. Ngano alikuwa nayo. Watu wa kukaa na mgonjwa usiku kucha hakuwa nao. Miaka michache baadaye Basili Mkuu alijenga nje ya mji wa Kaisaria ya Kapadokia makao ya wasafiri, wagonjwa na wenye ukoma. Aliposhutumiwa, alimwandikia gavana Elias akimuuliza ni nani anayedhurika kwa kujengwa nyumba za wageni na za wagonjwa, zenye wauguzi na matabibu. Akaandika pia kwa wahasibu wa kodi akiomba nyumba za maskini zisitozwe. Kanisa na serikali wameandikiana juu ya jambo hili kwa zaidi ya miaka 1,600. Tunachoongeza sisi ni karatasi.

Karatasi yenyewe ni hati ya rufaa, kama ile ya kituo cha afya kwenda hospitali. Ichapishwe kwenye kitabu chenye hati 50, kila hati nakala tatu zenye namba moja. Nakala ya kwanza anaondoka nayo mhitaji, ya pili inapelekwa ofisini na shemasi mwenyewe au kwa picha ya simu, ya tatu inabaki kitabuni kama kishina. Iandikwe jina kama mtu mwenyewe anavyolitaja, mahali anapopatikana pamoja na jirani mmoja anayemjua, aina ya uhitaji (chakula, makazi, matibabu, nyaraka au usalama), kile ambacho kanisa limeshatoa na tarehe yake, kile hasa kinachoombwa, na siku ya mwisho ya kujibu. Chini yake sahihi au dole gumba la mhitaji kukubali habari zake zipelekwe. Dini yake isiandikwe. Ugonjwa wake usitajwe kwa jina. Kama amepigwa au kudhulumiwa nyumbani, iandikwe neno moja tu, usalama, na mengine ayaseme mwenyewe mbele ya ofisa, mlango ukiwa umefungwa. Kwa rufaa ya usalama, nakala ya mhitaji ibaki kwa shemasi, kwa sababu karatasi hiyo ikionekana nyumbani inaweza kumletea kipigo kingine.

Siku za kujibu zitofautiane. Usalama na njaa, siku hiyo hiyo au kesho yake. Makazi na matibabu yasiyo ya dharura, siku 7. Nyaraka, siku 30. Jibu liwe moja kati ya matatu: amepokelewa, amekataliwa na sababu ni hii, au amepelekwa kwingine na jina la dawati ni hili. Neno "linashughulikiwa" lisikubaliwe kama jibu.

Kila Jumatatu, kwa nusu saa, shemasi na ofisa wakae na kitabu wakipitia vishina visivyo na jibu. Nusu saa hiyo ndiyo moyo wa mpango mzima, na ndiyo inayokufa kwanza. Hufa pale ofisa anapohamishwa bila kukabidhi, kwa hiyo rufaa ziandikwe kwa cheo na dawati, kamwe zisiandikwe kwa jina la mtu. Hufa pia shemasi akigeuza hati kuwa fadhila kwa ndugu na marafiki. Dawa ya hilo ni kila hati kuwa na sahihi mbili za watu wasio wa familia moja, na jina la mwombaji yeyote aliyekataliwa kuandikwa kwenye daftari lile lile, pamoja na sababu. Na kuna kosa baya kuliko hayo: ofisi ikizoea hati za kanisa, itaanza kuzidai kwa kila mtu, na asiye na kanisa atafungiwa nje. Hati iwe njia mojawapo. Mtu akija mwenyewe mikono mitupu, ahudumiwe kwa siku zile zile.

Nauli isisahaulike. Mtu anayeambiwa aje mara tatu anapoteza siku tatu za kibarua pamoja na nauli ya kwenda na kurudi mara tatu, na mara nyingi jumla inakaribia msaada anaoufuata. Kanisa linaloandika rufaa litoe nauli ya safari ya kwanza. Ofisi inayomwita mtu mara ya pili kwa kosa lake yenyewe ilipe ya pili.

Kuhusu nyaraka tuna ombi mahsusi kwa pande zote mbili. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na bila tarehe ya kuzaliwa pensheni ya uzee haianzi. Lakini makabati ya parokia na sharika yamejaa madaftari ya ubatizo, kipaimara, ndoa na maziko. Serikali itamke kwa kanuni kwamba dondoo la daftari la kanisa, likiwa na namba ya ukurasa, mhuri na sahihi, litapokelewa kama ushahidi wa kuunga mkono umri, ndoa au kifo. Makanisa nayo yaandike dondoo hizo bure kwa wahitaji wote, hata waliohama kanisa. Kuna mahali mtu anaambiwa alipe kwanza michango ya nyuma ndipo apewe dondoo la ubatizo wake. Tunawasihi hilo likome. Madaftari yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa kabla mchwa na unyevu havijamaliza kazi, na picha zihifadhiwe mahali pawili tofauti.

Kwa malipo yanayotumia alama za vidole, wekeni njia ya pili tangu siku ya kwanza. Vidole vya mzee na vya mtu aliyeshika jembe au nyundo miaka 40 vimesagika, na mashine haivisomi. Anayekataliwa na mashine ndiye hasa aliyelengwa. Namba ya siri, au mwakilishi aliyeandikishwa mapema mbele ya mashahidi wawili, inatosha.

Kuna kanuni moja ndogo inayoharibu mengi. Mahali ambapo fao, yaani malipo ya serikali kwa mhitaji, hutolewa kwa kupima kipato, mara nyingine msaada wa kanisa huhesabiwa kuwa kipato. Usharika ukimlipia mama kodi ya pango mwezi mmoja, fao lake linakatwa kwa kiasi hicho hicho, na sadaka ya waumini inakuwa imeichangia hazina wakati mama amebaki pale pale. Mashemasi wakishajua hivyo huanza kutoa kwa siri, bila kuandika, na hapo ndipo hesabu zinapoharibika na wizi unapopata kivuli. Kanuni isamehe chakula na mavazi vyote, na fedha taslimu za mara moja moja hadi kiasi cha fao la mwezi mmoja kwa mwaka. Vivyo hivyo kwa anayeanza kupata kibarua: akipata 100, fao lipungue kwa 30 au 40. Likipungua kwa 100, mmemfundisha kwamba kufanya kazi hakumwongezei kitu.

Tuje kwenye mikataba. Serikali ikilipatia kanisa ruzuku ili liendeshe zahanati, jiko au makao ya wazee, mambo mawili huharibika. La kwanza ni malipo kuchelewa. Mwaka wa fedha unaanza, mkataba unasainiwa baada ya miezi mitatu, fedha zinaingia baada ya miezi sita, na wauguzi wameshakaa nusu mwaka bila mshahara. Kanisa lisisaini mkataba wa huduma ya kila siku bila akiba ya miezi mitatu ya gharama, na serikali ilipe robo ya kwanza kabla huduma haijaanza. La pili linakuja polepole: ruzuku ikishafika sehemu kubwa ya bajeti, kanisa linaacha kukemea. Nabii anayekula mezani kwa mfalme hupoteza sauti, na Mithali 31 inatuagiza tufumbue kinywa kwa ajili ya aliye bubu. Miongoni mwetu hatujakubaliana juu ya kiwango. Wapo wanaosema ruzuku isizidi nusu ya bajeti ya huduma husika, wapo wanaosema theluthi, na wachache wanasema isipokewe kabisa. Tunachokubaliana wote ni kwamba kila mkataba uwe na kifungu kinachosema wazi kuwa kanisa halitapoteza fedha kwa kukosoa sera hadharani.

Na kanisa lisitumie fedha za umma, wala za kwake lenyewe, kununua waumini. Kanuni za Maadili za mwaka 1994 za harakati ya Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada zinasema msaada hutolewa kwa uhitaji bila kujali imani, na hautumiki kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Caritas Internationalis (mtandao wa misaada wa Kanisa Katoliki), Shirikisho la Kilutheri Duniani na Baraza la Makanisa Ulimwenguni walikuwa miongoni mwa waliozisimamia, kwa hiyo si masharti tuliyoletewa na watu wa nje. Kwa vitendo maana yake ni hii: ugawaji usifanyike mara baada ya ibada ndani ya kanisa, orodha ya mahudhurio isiwe kigezo, sala isiwe sharti la kupokea, na asiyetaka kuombewa apokee sawasawa na mwenzake. Wanasiasa nao wasije na fulana na kamera siku ya kugawa. Picha ya mtu akipokea mfuko wa chakula inabaki kwenye simu za majirani na wanafunzi wenzake wa watoto wake kwa miaka.

Makao ya watoto yanahitaji aya yake, kwa sababu hapa nia njema imeumiza sana. Jengo lenye vitanda 60 linavutia wafadhili kuliko familia 60 zilizotawanyika, na vitanda vikishakuwepo lazima vijazwe. Watoto wengi wanaokaa kwenye makao hayo duniani wana mzazi mmoja hai au wote wawili. Kilichowafikisha pale ni umaskini, na ada ya shule iliyokosekana nyumbani ikapatikana makaoni. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake, na kwamba walio chini ya miaka 3 walelewe katika mazingira ya familia. Tunaomba serikali isisajili makao mapya kabla ya kuuliza ni ndugu wangapi wa mtoto waliotafutwa, na tunaomba makanisa yenye makao yafanye kazi ya kurudi nyuma: mtoto mmoja mmoja, ndugu atafutwe, atembelewe walau mara tatu, gharama za shule zimfuate mtoto nyumbani, na ukaguzi uendelee kwa mwaka mzima baada ya kurudi. Msiwarudishe kwa basi moja siku moja kwa sababu ufadhili umekwisha.

Sasa fedha za kanisa lenyewe. Mtume Paulo, katika 2 Wakorintho 8, hakuibeba changizo ya Yerusalemu peke yake. Alituma ndugu waliochaguliwa na makanisa ili asilaumiwe na mtu. Mji wa Leisnig huko Ujerumani uliweka mwaka 1523 sanduku la pamoja lenye kufuli nne tofauti, na funguo nne zikashikwa na makundi manne: wakuu, baraza la mji, raia wa mji, na wakulima wa vijiji. Hakuna kundi lililoweza kulifungua peke yake. Mpango ule ulikwama baraza la mji lilipogoma kukabidhi mali zilizokuwa za kanisa, lakini zile kufuli zilikuwa sahihi. Kwa leo, sadaka ya wahitaji ihesabiwe siku hiyo hiyo na watu wawili wasio ndugu, kabla mtu hajatoka chumbani. Ipelekwe kwenye akaunti yake yenyewe, isichanganywe na ya ujenzi. Malipo yawe na sahihi tatu, na mchungaji au padre asiwe mtunza hazina. Kila miezi mitatu isomwe kanisani taarifa ya mapato, matumizi, idadi ya kaya zilizosaidiwa na idadi ya zilizokataliwa. Majina yasisomwe kamwe. Fungu la mfuko wa maskini likikopwa kumalizia paa, liandikwe kuwa deni, na tarehe ya kulirudisha itangazwe mbele ya waumini wale wale.

Jambo la mwisho liko katika Matendo ya Mitume 6, na kwa maoni yetu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Wajane wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia walalamikaji wavumilie. Walichaguliwa watu saba, na majina yote saba ni ya Kiyunani. Mgawo wote ukakabidhiwa kwa upande ulioonewa. Kamati zenu za kutambua kaya maskini, za serikali na za kanisa, zina nani? Mara nyingi zina mwenye duka, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa na kiongozi wa mtaa, watu wema, wasiojua ni siku gani mtandao wa dawati la malipo ulikatika au foleni ilianza saa ngapi. Angalau theluthi ya wajumbe wawe watu wanaopokea au waliowahi kupokea msaada, mmoja wao awe mtu mwenye ulemavu, na mkutano ufanyike saa ambazo hawatapoteza kibarua. Wasomewe orodha ya waliokataliwa kabla ya ile ya waliokubaliwa.

Tunaomba mjaribu kwa siku 90 katika wilaya moja tu mtakayoichagua wenyewe, pamoja na sharika, parokia na makanisa yote yatakayokubali. Chapisheni vitabu vya rufaa, tajeni dawati moja la kupokea, wekeni ile nusu saa ya Jumatatu kwenye ratiba rasmi ya pande zote mbili. Siku ya 91 tufungue vitabu pamoja, ofisa na shemasi mezani, tuhesabu vishina visivyo na jibu, na mbele ya kila kimoja tuandike kilikwama wapi.

Ni sisi,
mashemasi, watunza hazina wa mifuko ya diakonia na maofisa ustawi wa jamii